Wii Music ya Nintendo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gemu iliyowakatisha tamaa wahakiki

Wii Music ni gemu gani hasa?

Ni gemu ya muziki ambayo Nintendo waliitoa kwa ajili ya mashine yao ya gemu ya Wii Oktoba 2008, Japani kwanza, siku chache baadaye Marekani. Ulaya na Australia wakaipata Novemba. Imetoka tumbo moja na Wii Sports, Wii Play na Wii Fit, zile gemu zilizomfanya hata bibi ambaye hajawahi kugusa gemu maishani ashike rimoti na kucheza tenisi sebuleni. Nyuma yake alikuwepo Shigeru Miyamoto, mtu aliyetuletea Mario na Zelda. Jina hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wasubiri makubwa.

Ala zilizomo ni zaidi ya 60. Kuna gita, piano, fidla, saksafoni, marimba, sitar ya India, shamisen ya Japani, na vituko vya hapa na pale kama vazi la mbwa linalobweka kwa mdundo.

Inachezwaje?

Unashika rimoti ya Wii mkono mmoja, mkono wa pili unashika kile kipande kinachounganishwa kwa waya kiitwacho Nunchuk, halafu unaigiza mwanamuziki. Ala zote hizo zimegawanywa katika namna chache tu za kupiga. Za jamii ya piano na marimba unazipiga kwa kushusha mikono kwa zamu. Za jamii ya gita, mkono mmoja unashika shingo ya hewa na mwingine unakwaruza nyuzi za hewa. Fidla unaivutia uta. Tarumbeta unaiinua rimoti mdomoni na kubonyeza vitufe, bila kupuliza chochote.

Sasa sikiliza jambo moja, kwa sababu ugomvi wote na wahakiki unaanzia hapa. Ukitikisa rimoti, mashine inatoa noti, lakini noti ipi itoke inaamua mashine. Ukiwa unaongoza wimbo na ukatikisa kwa wakati wake, itatoka noti inayofuata katika wimbo. Ukitikisa mara nyingi zaidi ya inavyohitajika, mashine itajaziliza noti nyingine zinazokubaliana na wimbo ulipofika. Vitufe vinabadilisha kidogo namna ya mpigo: kukata sauti, kuitetemesha, kupiga noti kadhaa kwa pamoja. Mdundo ni wako. Sauti ipande au ishuke, hapo huna neno.

Kwa nini watu walikuwa na hamu nayo kiasi hicho?

Kwa sababu ilianza kutangazwa mapema na kwa mbwembwe. Mwaka 2006, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, kabla hata Wii haijaingia madukani, Miyamoto alipanda jukwaani ameshika rimoti kama fimbo ya kondakta akaongoza okestra ya vikaragosi kwenye skrini. Alikuwa anapunga mkono, muziki unamfuata. Mtu yeyote aliyeona kile kitu alielewa papo hapo Wii ni mashine ya namna gani, hata bila kuelezwa. Halafu kimya kikatanda kwa muda mrefu.

Katika kimya hicho dunia ya gemu za muziki ikageuka. Guitar Hero, gemu ya kupiga gita la plastiki kwa kufuata noti za kwenye skrini, iliyoanza 2005, ikawa kitu cha kila sebule ya vijana Marekani. Novemba 2007 Harmonix wakatoa Rock Band, gemu iliyoleta bendi nzima nyumbani: gita, besi, ngoma na maikrofoni, vyote vya plastiki. Toleo la tatu la Guitar Hero liliuza hadi mauzo yake, kwa tamko la wachapishaji wake, Activision, yakavuka dola bilioni 1. Kwa hiyo watu walipokuwa wanaisubiri Wii Music, vichwani mwao walikuwa wanaisubiri Rock Band ya Nintendo, ile ya Miyamoto, bila kulazimika kununua ngoma za plastiki. Nintendo hawakuwa wanatengeneza kitu hicho hata kidogo.

Ilikuwaje kwenye E3 ya 2008? Mbona watu bado wanaicheka?

Julai 2008 Nintendo waliifanya Wii Music kuwa funga-kazi ya mkutano wao na waandishi. Mpiga ngoma wa Kimarekani anayeitwa Ravi Drums alipanda jukwaani akaanza kupiga ngoma hewani, kwa nguvu zote, kichwa kinarushwa huku na huku, wakati mbele yake hakuna kitu. Miyamoto naye akaingia akijifanya anapiga saksafoni. Walioko ukumbini walikuwa wanangoja tangazo la Mario mpya au Zelda mpya. Video ya tukio hilo ikazunguka intaneti na mpaka leo inazunguka.

Binafsi naona Ravi Drums alionewa. Aliitwa kufanya kazi akaifanya kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kinachopendeza kwa mchezaji aliyeko ndani ya gemu hii hakionekani kwa mtazamaji, na jukwaa ni mahali pa watazamaji. Mtu anayeongoza okestra kwa fimbo anaeleweka hata ukiwa mbali. Mtu anayekung'uta hewa huku sauti ya ngoma ikitoka mahali pengine anaonekana kituko. Kwa hiyo wahakiki wengi waliifikia diski ya Oktoba wakiwa tayari na ile picha ya Julai kichwani, na sidhani kama kuna aliyeweza kuifuta kabisa.

Wahakiki waliipa alama gani?

Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kupiga wastani, iliishia 63 kati ya 100. Kwa gemu nyingine hiyo ni alama ya kawaida tu. Kwa gemu ya Nintendo yenye mkono wa Miyamoto, ni aibu.

Basi ndiyo gemu mbovu kuliko zote za muziki?

Hapana, wala haikaribii. Mwezi uleule wa Oktoba 2008 kampuni ya Konami ya Japani walitoa Rock Revolution, na ile ndiyo ilichanwa vipandevipande, ingawa Konami walikuwa na gemu za gita na ngoma kwenye kumbi za gemu za Japani miaka mingi kabla Guitar Hero haijazaliwa. Miaka miwili baadaye ikaja Power Gig yenye gita la nyuzi sita za kweli, nayo ikapigwa vibaya zaidi. Wii Music haina hitilafu. Haigandi, haikwami. Ilivunja watu moyo kwa jinsi ilivyofikiriwa.

Malalamiko makubwa yalikuwa yapi?

Lililosemwa zaidi ni kwamba hakuna lengo. Hakuna alama unapopiga wimbo, hakuna kushindwa, hakuna mashabiki wa kukuzomea ukikosea. Ukimaliza wimbo, gemu inakupa nafasi ya kutengeneza jalada la albamu, na inakuomba ujipe alama mwenyewe kati ya 100. Kwa mhakiki aliyezoea Rock Band ikimhesabia kila noti, hiyo ilikuwa kama matusi. Ukijipa 100 umepata 100.

La pili ni nyimbo. Ziko kama 50 hivi, na sehemu kubwa ni nyimbo za watoto na za kale ambazo haki miliki yake ilishakwisha muda, kwa hiyo hazidai hata senti: Twinkle, Twinkle, Little Star, Yankee Doodle, Ode to Joy ya Beethoven. Zipo chache za kulipiwa, kama September ya Earth, Wind & Fire, Every Breath You Take ya The Police na Material Girl ya Madonna, lakini zinakuja bila mwimbaji, ala tupu. Za Nintendo wenyewe, kama ile ya Super Mario Bros. na ya Zelda, ndizo zilizopokelewa vizuri, nazo zinahesabika kwa vidole. Tena hupewi zote mwanzoni. Unaanza na chache, nyingine unazifungua taratibu. Na bei yake Marekani ilikuwa dola 50, bei kamili ya gemu ya Wii.

La tatu ni ubora wa sauti. Gemu nyingine za wakati huo zilikuwa zinatumia rekodi halisi za bendi zenyewe. Wii Music inatumia sauti za MIDI, yaani kompyuta ndiyo inayoiga kila ala, na fidla yake inasikika kama kinanda cha kuchezea watoto. Kulikuwa na sababu ya kiufundi: kama kila noti inategemea mchezaji ametikisa lini, huwezi kutumia rekodi iliyokwishapigwa. Lakini mnunuzi haulizi sababu, anasikia tu.

Je, malalamiko hayo yalikuwa ya haki?

La nyimbo na la sauti, ndiyo, moja kwa moja.

La kukosa lengo, mimi nasema wahakiki waligusa mahali penye maumivu ila hawakuutaja ugonjwa. Nintendo tangu zamani wana vitu visivyo na alama ambavyo watu waliviheshimu. Mario Paint ya 1992 ilikuwa na sehemu ya kutunga muziki kwa kubandika picha ndogondogo kwenye mistari, na watu wanaichezea mpaka leo. Electroplankton ya 2005, kazi ya msanii Toshio Iwai kwenye Nintendo DS, mashine yao ya mkononi, haikuwa na lengo lolote ila kuchezea sauti. Miyamoto mwenyewe alisema waziwazi kwamba Wii Music ni kifaa cha kuchezea zaidi kuliko gemu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Sawa, tukubali ni kifaa cha kuchezea. Lakini kifaa cha kuchezea kinadumu mikononi kwa sababu unaweza kukifanyia jambo ambalo aliyekitengeneza hakulifikiria. Kwenye Mario Paint ukiweka noti mbaya, inatoka mbaya, na ukiweka nzuri, ni nzuri yako. Wii Music imeondoa uwezekano wa noti mbaya, na ilipouondoa, ile nzuri nayo ikaacha kuwa yako. Mtoto wa miaka minne akitikisa rimoti ovyo na mtu anayejua jazi akitikisa kwa makini wanapata noti kutoka kapu lilelile. Tofauti itakuwa kwenye mdundo tu, na mdundo wenyewe unasomwa na rimoti isiyo sahihi sana.

Kwa hiyo mtu wa gemu anakosa ushindani, mtu wa muziki anakosa ala. Kuongeza alama kusingeponya hilo. Kungetupatia Rock Band dhaifu.

Rimoti isiyo sahihi? Tatizo lilikuwa nini?

Katika kufuata mwendo wa mkono, rimoti ya kwanza ya Wii ilikuwa inapima mwendokasi unavyobadilika, basi. Inajua umetikisa kwa nguvu au polepole, inajua imeinama upande gani, lakini haijui mkono wako uko wapi hewani. Ukipiga ngoma ya kweli, mkono unaenda kushoto kwa ngoma hii, juu kulia kwa toazi. Wii haiwezi kuona hayo. Ndiyo maana kwenye seti ya ngoma unalazimika kubonyeza vitufe kuchagua ngoma ipi ilie, huku miguu ikikanyaga Balance Board kama unayo, ile mizani iliyokuja na Wii Fit. Ukijaribu mara ya kwanza unajikuta mikono inapiga, vidole vinahesabu vitufe, miguu imepotea. Wapo walioweza, na ukiangalia video zao utawavulia kofia. Lakini ndio haohao ambao wangeweza kupiga ngoma za kweli.

Nyongeza ya MotionPlus iliyoifanya rimoti iwe makini zaidi ilitoka 2009, baada ya Wii Music kuzikwa.

Kuna chochote ambacho wahakiki walikisifu?

Kipo, na hakizungumzwi vya kutosha. Kuna michezo midogo mitatu yenye alama za kweli. Mmoja ni ule wa kondakta, mtoto wa lile onyesho la 2006. Wa pili, Handbell Harmony, kila mtu anashika kengele zake mbili na kuzipiga rangi yake inapofika. Mkiwa wanne na mmoja akachelewa, wimbo mzima unachechemea na mnajua ni nani. Wa tatu, Pitch Perfect, unapima sikio: noti ipi inafanana na ile, ipi iko juu, nani kati ya hawa anapiga tofauti. Ngazi zake za mwisho ni ngumu kweli. Huo ndio mchezo pekee humu ambao mwalimu wa muziki angeweza kuutumia bila kuubadilisha.

Kitu kingine ni namna inavyofundisha kupanga muziki. Kila wimbo una nafasi sita: ya wimbo wenyewe, ya kuusindikiza, ya noti zinazopigwa pamoja, ya besi, na mbili za midundo. Unaweza kuchukua wimbo uleule ukaupiga kwa rege, kwa tango, kwa maandamano ya kijeshi, na ukaingia nafasi moja baada ya nyingine ukijirekodi mpaka bendi nzima ni wewe. Aliyekulia na muziki wa dansi, anayesikia bila kufundishwa mahali gita la ridhimu linapompisha solo, ataiona hesabu hiyo mara moja. Mtoto wa Ohio aliyekulia na Guitar Hero, ambako kila kitu ni gita la mbele, pengine alikuwa anakutana nayo kwa mara ya kwanza. Baadhi ya wahakiki waliliona hili na kulisema, kisha wakarudi kwenye alama yao.

Ni kweli ilipelekwa shuleni?

Ndiyo. Nintendo ya Marekani ilishirikiana na MENC, chama cha kitaifa cha walimu wa muziki nchini humo, kuiingiza katika madarasa ya baadhi ya shule. Ukiitazama kama kifaa cha darasani, nusu ya malalamiko yanayeyuka: nyimbo za kale ndizo ambazo watoto wanazijua, na kutokuwepo kwa kushindwa kunamsaidia yule mwoga wa nyuma. Ila dukani haikuuzwa kama kifaa cha darasani.

Iliuza kiasi gani?

Nakala zaidi ya milioni 2 duniani. Kampuni nyingi zingefanya sherehe. Lakini Wii Fit iliuza zaidi ya milioni 22, na Wii Sports, iliyokuwa ikitolewa pamoja na mashine katika nchi nyingi, zaidi ya milioni 82. Katika familia hiyo Wii Music ndiye mtoto asiyetajwa wageni wakija.

Iliua gemu za muziki?

Hapana, zilijiua zenyewe. Matoleo yalirundikana kila mwaka, kila moja na kifurushi chake cha plastiki cha bei ghali, na uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Desemba 2010 Viacom, waliokuwa wamiliki wa Harmonix, wakaiuza, na Februari 2011 Activision wakafunga kitengo cha Guitar Hero. Wii Music haikuwa hata kwenye mbio hizo.

Naweza kuicheza leo nikiwa Afrika Mashariki?

Unaweza, ila angalia mambo mawili kabla hujamwomba shangazi aliyeko Marekani akutumie. Kwanza, Wii ina kufuli ya kanda: diski ya Marekani haifanyi kazi kwenye mashine ya Ulaya, wala ya Ulaya kwenye ya Marekani. Nunua diski na mashine za upande mmoja. Pili, adapta ya Wii ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240, utaiaga hapohapo. Tumia transfoma, au tafuta adapta ya Wii ya Ulaya. Upande wa kuingia kwenye mashine zote zinatoa volti 12, kwa hiyo inakubali. Wii U, mashine iliyofuata baada ya Wii, nayo inasoma diski hizi kwa masharti yaleyale ya kanda.

Kutumiana video za bendi yenu kwa intaneti sahauni. Huduma ya WiiConnect24 iliyozibeba ilizimwa 2013.

Nikiipata, nianzie wapi?

Usianze na kupiga nyimbo, ingawa menyu itakuvuta huko. Anza na Handbell Harmony mkiwa wanne, hata kama wawili hawajui gemu. Ukibaki peke yako usiku, ingia Pitch Perfect. Ukifika kwenye nyimbo, chagua ya Super Mario Bros., jipe besi badala ya gita, na usijaze noti. Piga chache kuliko unavyotamani, uache nafasi katikati. Ngoma na Balance Board ziache za mwisho, na kama dari ni ya chini, funga mkanda wa rimoti mkononi.